Umeme wa Jua Shambani: Ruzuku Ikishuka, Mkulima Afanye Nini?

Leo tunazungumzia umeme wa jua, na hasa swali moja: shirika la umeme likikuahidi ruzuku au bei nzuri ili ufunge paneli juu ya paa lako, ahadi hiyo uitegemee kwa kiasi gani? Tutachukua mfano wa jimbo la California, nchini Marekani. Tumelichagua kwa sababu limepitia hatua zote za jambo hili, tena ni jimbo la wakulima. Huko hulimwa zabibu, lozi, nyanya na mboga kwa maji ya kumwagilia, na sehemu kubwa ya maji hayo huvutwa kwa pampu za umeme.

Haya, tuanze na ruzuku. Mwezi Januari 2007 jimbo hilo lilianzisha mpango kwa wateja wa mashirika matatu makubwa ya umeme: Pacific Gas and Electric, Southern California Edison, na San Diego Gas & Electric. Mteja aliyefunga paneli alilipwa kwa kila wati. Lakini malipo yenyewe yalipangwa kama ngazi ya kushukia. Maombi yakifikia kiasi fulani, malipo yanashuka daraja moja. Mwenye nyumba aliyewahi mapema aliweza kupata dola 2.50 kwa wati. Waliokuja mwishoni walipata senti 20 tu. Piga hesabu ya mtambo wa wati 5,000: wa mapema dola 12,500, wa mwisho dola 1,000.

Je, watu waliacha kufunga? La, hawakuacha. Bei ya paneli zenyewe nayo ilikuwa inashuka mwaka hadi mwaka. Tena ngazi ile ilijulikana tangu mwanzo, kila mtu akajipanga. Kufikia mwaka 2019 jimbo lilitimiza mitambo milioni moja ya umeme wa jua.

Sasa tuje kwenye mita, maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Tangu mwaka 1996 mteja wa California aliweza kuwa na hesabu ya pande mbili. Mchana paneli zikitoa umeme kuliko unavyotumia, ziada inakwenda kwenye nyaya za shirika. Usiku unarudishiwa, karibu uniti kwa uniti, kwa thamani ile ile unayonunulia. Ni kama kumwekea jirani gunia la mahindi wakati wa mavuno, ukalichukua gunia zima wakati wa njaa.

Mkulima alifaidika sana na utaratibu huu. Majira ya baridi pampu zimelala, lakini paneli bado zinafanya kazi. Ziada yake ikapunguza ankara ya kiangazi. Na sheria ya mwaka 2012 ikaruhusu mtambo mmoja kuhesabiwa kwa mita kadhaa za mkulima huyo huyo, hata kama pampu zake zimetawanyika katika mashamba yanayopakana.

Lakini mwezi Desemba 2022 Tume ya Huduma za Umma ya California ilibadili hesabu hiyo. Mteja aliyeomba kuanzia tarehe 15 Aprili 2023 analipwa ziada yake kulingana na thamani ya umeme katika saa ile anayoutoa. Kwa wastani, malipo ya ziada yalipungua kwa karibu robo tatu. Mwezi Novemba 2023 tume hiyo ikapunguza pia manufaa ya wale wenye mita nyingi, wakulima wakiwamo.

Kwa nini? Hoja ya mashirika ilikuwa hii: mchana jua linawaka kwa wote, umeme unajaa na kukosa thamani, jioni jua likizama, kila mtu anawasha taa na jiko. Tena, walisema, gharama za nguzo na nyaya zinawaangukia wasio na paneli. Wenye kutetea paneli walijibu kwamba umeme unaotolewa pale pale unapotumika unapunguza haja ya nyaya mpya. Ubishi huo haujaisha.

Matokeo yake yalionekana wazi. Kabla ya tarehe ile watu walikimbilia kuomba, mafundi wakazidiwa na kazi. Baada yake maombi yakaanguka vibaya, na kampuni za mafundi zikapunguza wafanyakazi. Waliofunga baadaye, wengi waliongeza betri, ili umeme wa mchana wautumie wenyewe jioni. Wale wa zamani hawakuguswa mara moja, kwani walikuwa wamehakikishiwa utaratibu wao kwa miaka 20 tangu siku ya kuunganishwa.

Ndugu mkulima, habari hii si ya Marekani peke yake. Kwa jirani zetu na kwetu pia hesabu ya pande mbili imeanza kuzungumzwa; nchini Kenya, kwa mfano, imo katika Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Basi ukiletewa mpango wa namna hii, uliza kwanza: bei hii imehakikishwa kwa miaka mingapi, na imeandikwa wapi? Neno la mdomo la fundi halitoshi.

Pili, pima mtambo kwa kazi yako mwenyewe. Pampu inayovuta maji mchana na kujaza tangi hutumia umeme pale pale unapotoka, wala haihitaji kumwuzia mtu. Tangi la maji ni betri ya mkulima.

Tatu, piga hesabu mara mbili: moja kwa bei ya leo ya ziada, nyingine kwa robo ya bei hiyo. Ikiwa mkopo unalipika hata katika hesabu ya pili, endelea. Ikiwa haulipiki, punguza ukubwa wa mtambo. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.