DISKI IKIKATAA KUFUNGUKA, TUSIKIMBILIE KUIFOMATI



Katika toleo hili tumeona ni vyema tueleze jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaonekana dogo, nalo ni flashi au diski ya nje (ile ambayo wengi wetu tunaiita "eksteno") ambayo mtu anaichomeka kwenye kompyuta na haifunguki. Karibu na kila msimu wa mitihani huletewa flashi za namna hii, na mwenyewe huwa amekata tamaa kabisa.

Ndani ya kitu hicho kidogo kinachoingia mfukoni watu huweka sauti za watoto wakisoma juzuu, picha za harusi, picha za wazazi waliokwishatangulia, matokeo ya darasa zima, na hata hati za viwanja. Aghalabu hakuna nakala nyingine popote. Sasa siku diski inapogoma, kompyuta yenye Windows hutoa ujumbe kwamba diski hiyo lazima ifomatiwe kwanza ndipo iweze kutumika, na chini yake inaweka kitufe cha kukubali. Mtu anadhani hiyo ndiyo dawa. Anabonyeza. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwani mpaka wakati ule mafaili yake yalikuwepo, yamekaa mahali pake. Kilichokuwa kimeharibika ni mlango tu.

Hivyo basi, kanuni ya kwanza ambayo tunataka kila mwanafunzi aishike ni hii: ujumbe ule ukitokea, bonyeza kitufe cha kukataa, kisha ukae utafute ni mlango gani uliokwama.

DISKI IMEPANGWAJE NDANI YAKE?

Ili tufahamu, tuifananishe diski na jengo. Jengo linaweza kuwa na chumba kimoja au vyumba kadhaa. Kila chumba ndiyo patisheni. Mlangoni mwa jengo pana ubao unaoeleza chumba cha kwanza kinaanzia wapi na kuishia wapi, cha pili vivyo hivyo. Ubao huo ndio jedwali la patisheni. Ndani ya kila chumba kuna rejista inayosema kitabu fulani kipo rafu ya ngapi, na rejista hiyo ndiyo tunayoiita mfumo wa faili. Mwisho, juu ya kila mlango Windows hubandika herufi: C, D, E na kuendelea. (Baadhi ya wanafunzi huuliza A na B zimekwenda wapi. Herufi hizo ziliwekewa zile diski laini za zamani, ndiyo maana diski ya ndani ya kompyuta huanzia C mpaka leo.)

Ubao wa mlangoni uko wa aina mbili. Wa zamani unaitwa MBR, umekuwepo tangu mwaka 1983, nao una nafasi ya patisheni kuu nne tu na kwa kawaida hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2. Wa kisasa unaitwa GPT, na katika Windows unakubali patisheni mpaka 128. Kompyuta kuukuu zenye Windows XP ya kawaida hazikuweza kusoma GPT, kwa hiyo ukikuta eksteno inafunguka kwenye laptopu mpya lakini haifunguki kwenye kompyuta ya zamani ya mezani, usiilaumu diski.

Kwa mpangilio huu tunaona kwamba neno "haifunguki" linabeba maradhi mengi tofauti: pengine umeme haufiki kwenye jengo, pengine ubao umefutika, pengine mlango haukuwekewa herufi, na pengine rejista imeandikwa kwa lugha ambayo kompyuta haiijui.

TUANZE NA VITU VYA NJE

Kabla ya kugusa programu yoyote, badilisha waya. Kisha badilisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, maana ya mbele mara nyingi huwa yamelegea. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa umeme wa miliampia 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Diski ya kuzunguka wakati wa kuanza huhitaji nguvu nyingi, hivyo ikichomekwa kwenye tundu dhaifu au kwa waya mrefu hujaribu kuwaka na kuzima. Zile diski kubwa za mezani ndizo kabisa haziwezi kwenda bila chaja yake.

Sikiliza pia. Ikiwa diski inagonga "tak, tak, tak" bila kuacha, hiyo ni dalili ya ubovu wa chuma ndani yake. Ichomoe na usiiwashe tena kwa majaribio, kwa sababu kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inajikwangua. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa.

DISKI IPO LAKINI HAIONEKANI

Tuseme taa inawaka na diski inazunguka vizuri, lakini haimo katika orodha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Itafunguka programu ya Disk Management, ambayo inaonyesha diski zote na patisheni zake, hata zile zisizo na mlango. Hapa ndipo ukweli unapojulikana.

Ikiwa patisheni yako ipo, na pembeni imeandikwa NTFS au exFAT au FAT32, lakini haina herufi, basi shida ni nyepesi mno. Bonyeza kulia juu yake, chagua sehemu ya kubadilisha herufi, ipe herufi ambayo haijachukuliwa, tuseme K. Diski itafunguka papo hapo na hakuna faili hata moja litakaloguswa.

Ukikuta neno RAW, maana yake chumba kipo lakini rejista yake haisomeki. Ukikuta "Unallocated", maana yake ubao wa mlangoni hautaji chumba chochote. Na pengine programu hiyo, mara tu ikifunguka, itakuuliza kama ianzishe diski upya na kukutaka uchague MBR au GPT. Kama ni diski mpya kutoka dukani, kubali. Kama ina vitu vyako, kataa, kwa sababu itaandika ubao mtupu juu ya ule wa zamani.

REJISTA YA LUGHA NGENI

Mara nyingine diski ni nzima kabisa, ila imetoka kwenye kompyuta ya aina nyingine. Windows hutumia NTFS, Linux nyingi hutumia ext4, na kompyuta za Apple tangu mwaka 2017 hutumia APFS. Windows haijui kusoma APFS, na ext4 haiifungui kwa kuichomeka tu, hivyo nayo hudai ifomatiwe! Hapa ndipo watu wengi wamefutiwa kazi zao na ndugu aliyekuwa anataka kusaidia tu. Kompyuta ya Apple nayo husoma NTFS lakini haikubali kuandika ndani yake bila ya programu ya ziada, kwa hiyo mtu huona mafaili yake lakini akijaribu kuongeza moja anakataliwa.

Kwa flashi ya kuzungushwa kwa watu wengi sisi tunapendekeza exFAT, iliyotoka mwaka 2006, ambayo inasomeka Windows, Apple na Linux za kisasa. FAT32 ya mwaka 1996 inasomeka karibu kila mahali, pamoja na redio za magari na televisheni za zamani, lakini haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Ndiyo sababu video ya mahafali hukataa kuingia kwenye flashi ya gigabaiti 32 ambayo ni tupu. Ila exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS, hivyo ukiichomoa wakati taa bado inamemeteka, ni rahisi kuharibika.

Kwa wale wanafunzi wakubwa ambao wameweka Linux na Windows ndani ya kompyuta moja, kuna jambo linalowasumbua sana. Unafungua Linux, unaiendea patisheni ya Windows, na inakataa kufunguka, au inafunguka kwa kusomwa tu. Sababu yake ni kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ikizimwa haizimiki kikamilifu. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na patisheni hubaki kama mtu aliyetoka na kuacha rejista wazi mezani. Linux ikiona hivyo hujizuia, na inafanya vyema kujizuia. Rudi Windows, shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza kuzima, na itazimika kikamilifu. Au nenda kwenye mipangilio ya umeme uondoe kabisa huko kuwaka kwa haraka. Kwenye Linux yenyewe, amri ya lsblk -f itakuonyesha diski zote na mifumo yake ya faili. Ukiona sdb1, b ni diski ya pili na 1 ni patisheni yake ya kwanza, na unaweza kuifungua kwa mkono: sudo mount /dev/sdb1 /mnt. Ukiwa na wasiwasi nayo, ongeza -o ro baada ya neno mount, ifunguke kwa kusomwa tu.

FOLDA ZILIZOGEUKA SHOTIKATI

Hili ni la maduka ya kuprinti. Mwanafunzi anapeleka flashi, anaprinti kurasa mbili, akirudi nyumbani anakuta folda zote zimekuwa shotikati, au flashi inaonekana tupu ilhali nafasi imejaa. Folda hazijafutwa. Kirusi kimezificha na kuweka shotikati badala yake, na kila anayeibonyeza shotikati anakialika kirusi ndani ya kompyuta yake. Zamani flashi iliweza kujiendesha yenyewe mara ikichomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia jambo hilo hata kwa Windows za zamani, na kwa hiyo virusi hivi siku hizi vinategemea kidole cha mwenye flashi.

Usibonyeze kitu. Safisha kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Folda zitarudi, na zile shotikati uzifute. Mwenye Linux amepumzika zaidi, kwani huko folda zake ataziona bila kuhangaika na kirusi hicho cha Windows hakiendeshwi.

PANAPOBIDI KUOKOA

Turudi kwenye RAW na "Unallocated". Watu wengi hukimbilia amri ya chkdsk, na kweli inatengeneza, lakini inatengeneza kwa kuandika juu ya diski ileile inayougua. Kama vitu ni vya thamani, okoa kwanza, tengeneza baadaye. Ipo programu ya bure iitwayo TestDisk, ambayo hupekua diski kutafuta mipaka ya patisheni za zamani na inaweza kuuandika upya ule ubao wa mlangoni. Ndugu yake, PhotoRec, haijali rejista kabisa. Huokota picha, sauti na hati moja moja kwa kutambua umbo lake, ingawa majina ya mafaili hupotea na mtu huachiwa kazi ya kuyapanga. Unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si ileile, la sivyo utakuwa unaandika juu ya kile unachokitafuta.

Na aliyekwisha kubonyeza? Ikiwa ni ule ufomati wa haraka, umeandika rejista mpya tupu, na kwa diski ya kuzunguka vitu vingi bado vimo, mradi asiongeze chochote. Ufomati kamili, tangu Windows Vista, hupitisha sifuri diski nzima, na huo hauna marejeo. Diski za SSD nazo zinaweza kusafisha nafasi zake zenyewe mara baada ya ufomati, kwa hiyo matumaini ni madogo.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker ni mlango mwingine kabisa. Laptopu ikifa na ukaitoa diski yake ukaiweka kwenye kasha la USB, inaweza kukudai ufunguo wenye tarakimu 48. Bila nenosiri wala ufunguo huo hakuna TestDisk itakayosaidia. Aghalabu umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu, basi wazazi waangalie leo, laptopu ikiwa nzima, na wauandike kwenye karatasi.

Diski ya mwenzako ikiletwa kwako uitengeneze, hiyo ni amana: picha za familia ya watu si za kupekuliwa, wala kunakiliwa bila idhini.

Lipo moja la mwisho ambalo si ugonjwa bali ni ulaghai. Flashi inayouzwa kwa bei ya kutupa ikiwa imeandikwa terabaiti 2 inaweza kuwa na gigabaiti 16 au 32 tu, iliyodanganywa itaje namba kubwa. Inapokea mafaili yote bila kulalamika, lakini yanayozidi nafasi yake ya kweli hayafunguki tena, na hayo hakuna wa kuyaokoa kwa sababu hayakuandikwa popote. Kabla ya kuweka kitu chochote ndani ya flashi mpya, ipime kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Zote huijaza flashi kisha huisoma kulinganisha. Kwa flashi kubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi, hivyo ianzishwe usiku na risiti ya dukani isitupwe mpaka asubuhi.