Nani ataliandika andiko la mradi?

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zikitoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, ahadi hiyo ilitimia 2022. Mwaka 2024, kwenye mkutano wa Baku, kikatajwa kiwango kipya cha dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mabishano juu ya kiasi ni ya haki kabisa. Lakini zipo wilaya ambazo fedha hizo hata zikitoka kesho hazitazifikia.

Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, hutoa fedha kupitia taasisi zenye ithibati. Mwombaji wa ithibati hukaguliwa vitabu vya hesabu, taratibu za manunuzi, sera ya jinsia, hata namna anavyopokea malalamiko ya wananchi. Ndipo lije andiko la mradi, nalo linadai takwimu za mvua na joto za miaka mingi. Halmashauri isiyo na kipimo cha mvua kinachofanya kazi itazitoa wapi? Nchi isiyo na taasisi yake hupitia mashirika ya kimataifa, nayo hukata ada ya usimamizi.

Inawezekana kuvuka vikwazo hivyo. Benki ya CRDB ilipata ithibati 2019, na 2021 Mfuko ukaidhinisha mpango wake wa dola milioni 200, nusu ikitoka kwenye Mfuko, wa kuwakopesha wakulima wa Tanzania teknolojia za kuhimili tabianchi.

Kinachonikera ni semina ya siku tatu hotelini, ya kufundisha kuandika maandiko hayo, kuitwa kujenga uwezo. Washiriki wanapewa vyeti, mshauri mwelekezi anapanda ndege, na andiko linalofuata anaitwa yeye tena kuliandika.

Isiolo, kaskazini mwa Kenya, walianzia chini. Kamati za wadi, zenye wajumbe waliochaguliwa na wananchi, zilipewa fungu la fedha za tabianchi na mamlaka ya kuamua litumikeje. Wafugaji wa Borana walitaka vyanzo vya maji vikarabatiwe, na dedha, baraza la wazee linalosimamia malisho, liongezewe nguvu ili nyanda za kiangazi zisiliwe kabla ya wakati wake. Maarifa hayo yalikuwepo. Kilichokosekana ni fedha na mtu wa kuziwekea hesabu.

Basi fungu la kujenga uwezo limlipe mhasibu wa halmashauri na afisa mipango kwa miaka kadhaa mfululizo, na linunue vipimo vya mvua.