Je, Wajua? Watani wa Jadi Waliotengana Miaka 13

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Texas na kile cha Texas A&M, watani wa jadi waliokutana mara ya kwanza mwaka 1894 katika mpira wa Kimarekani, waliwahi kukaa miaka 13 bila kukabiliana uwanjani? Baada ya pambano la 2011, Texas A&M ililihama shirikisho la michezo la Big 12 na kuingia lile la SEC mwaka 2012, zama ambazo fedha za televisheni zilikuwa zikiwatenga majirani na kuwakutanisha wageni; na ada ile adhimu, iliyorithiwa kizazi baada ya kizazi, haikurejea mpaka Texas nayo ilipojiunga na SEC mwaka 2024. Tarehe 30 Novemba mwaka huo, Texas ilishinda 17 kwa 7. Hakika mali hutafutwa, bali taadhima ya jadi hainunuliwi.