Mkataba wa Arusha na Mahame ya Lamu

Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, walikubaliana kumaliza uhasama, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Waasi walioitwa shifta, waliotaka kaskazini ya Kenya iungane na Somalia, hawakuwa na kiti pale. Wala hawakuhitajika: silaha zao na sauti yao redioni vilitegemea Mogadishu, na Mogadishu ilipojitoa, vita vikafifia. Kwa kipimo hicho mkataba ulifaulu, na ni haki kuusifu. Ila ulikuwa mkataba wa mabalozi na mipaka. Wabajuni wa bara ya Lamu, waliohama vijiji kama Rubu, Mvundeni na Ishakani wakati wa vita hivyo wakakimbilia Pate, Ndau na kwingineko, hawakupata ndani yake njia ya kurudi kwenye mashamba yao. Waboni nao, watu wa msitu na asali, walikuwa wamekusanywa kando ya barabara ya Bodhei hadi Kiunga, wakabaki huko.

Yupo atakayesema Wabajuni hawakushika bunduki, na mkataba ni wa waliopigana. Hoja hiyo ingesimama kama waliopigana wangeitwa; kumbe nao waliachwa nje. Isitoshe, dola yenyewe iliihesabu Lamu ndani ya vita. Sheria ya kinga ya mwaka 1970 iliwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kuanzia Desemba 1963 hadi mwanzo wa Desemba 1967, na Lamu imetajwa humo pamoja na Tana River, Isiolo, Marsabit na mkoa wa Kaskazini Mashariki. Maafisa wakawekewa kinga kwa maandishi. Wenye mahame hawakuandikiwa hata hatimiliki.

Mashambulizi ya siku hizi ya kundi la Al-Shabaab katika Lamu ni jambo jingine, na sidai kwamba Arusha ndiyo iliyozaa mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014. Ninachosema ni kwamba operesheni ya Linda Boni dhidi ya kundi hilo, iliyoanza mwaka 2015, iliwakuta watu ambao uhamisho wao wa kwanza haujatatuliwa. Wakazi wa kijiji cha Pandanguo walipokimbilia Witu mwaka 2017, swali lilikuwa lile lile: nani atailinda ardhi mwenyewe akiwa hayupo? Serikali ina haki ya kukataa kuzungumza na wauaji, lakini kupima mashamba ya bara, kuyasajili kwa majina ya waliohama na kupanga ulinzi wa kurejea kwao hakuhitaji saini ya adui yeyote.