Kuku wako, pua ya jirani: Sheria inasemaje Tarbaj?

Kijana akipata ploti ndogo Tarbaj na kutaka kufuga kuku kumi nyuma ya nyumba, swali lake la kwanza huwa ni pesa. Vifaranga ni ngapi? Chakula je? Yai litaenda kwa bei gani dukani? Swali la pili huja kwa kuchelewa, siku jirani anapogonga geti na kuuliza: kwani nani alikuruhusu?

Usilichukulie poa swali hilo. Ukame ulioanza 2020 ulipita misimu 5 mfululizo bila mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa katika kaunti kame za Kenya. Wajir, ambako Tarbaj iko, ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Familia iliyopoteza ng'ombe na mbuzi ikahamia karibu na mji haiwezi kuanza tena na ngamia kwenye ploti. Kuku anawezekana. Yai huanguliwa kwa siku 21, na mtetea hahitaji malisho ya kilomita 40.

Miaka mingi katika jamii za wafugaji huku, digaag, yaani kuku, hakuwekwa kwenye hesabu ya mali. Mali ilikuwa ngamia. Ndiyo maana vijana wengi wanaoingia kwa hii biashara hawana mzee wa kuwaeleza mambo ya banda, seuze mambo ya sheria.

Sheria haihesabu vichwa

Wengi hudhani kuna mahali pameandikwa "mwisho kuku 10". Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo inatumika Kenya nzima, inaliangalia jambo hili kivingine. Kifungu cha 118 kinaorodhesha vitu vinavyohesabiwa kuwa kero: banda la wanyama au ndege lililojengwa ama kutunzwa vibaya hadi likachukiza watu au kuhatarisha afya, rundo la samadi na taka, hata kisima cha maji kilichochafuliwa.

Soma hapo vizuri. Kwa kifungu hiki, kuku 30 kwenye banda kavu wanaweza kuwa salama, na kuku 3 kwenye matope yanayonuka wakakupeleka kortini. Sheria hii inatumia pua kuliko kikokotoo.

Na ina utaratibu wake. Afisa wa afya akiridhika kwamba kuna kero, kifungu cha 119 kinamwelekeza kukupa notisi ya kuiondoa ndani ya muda fulani. Ukikaidi ndipo mambo yanafika kwa hakimu. Kwa hivyo mtu akija akisema yeye ni kanjo na anataka kubeba kuku wako kwa sababu ya harufu, muulize kwa heshima: notisi iko wapi? Mlipuko wa ugonjwa wa mifugo ni kesi tofauti. Hapo maafisa wana mamlaka makubwa zaidi chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364.

Maji ndiyo kesi yenyewe

Kaunti ya Wajir ina sababu yake ya kuchukulia samadi kwa uzito. Mji wa Wajir umejengwa juu ya maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi. Visima vifupi vimewanywesha watu na ngamia kwa vizazi, lakini ukaribu huohuo unafanya uchafu wa juu ufike chini haraka. Ndiyo maana kuchimba vyoo vya shimo kulikuwa shida, watu wakatumia vyoo vya ndoo kwa miaka, na kipindupindu kikawa kinarudi.

Kuku wachache hawaleti kipindupindu. Lakini kinyesi chao kina bakteria kama salmonela, na mvua moja kubwa inatosha kukisomba hadi kwenye kisima au tangi la ardhini. Kwa hivyo jirani anayelalamika kwamba banda lako liko hatua chache kutoka maji yake hana wivu wa biashara. Ana hoja, tena sheria iko upande wake.

Hoja nyingine ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Kuku wako wasipochanjwa, ugonjwa hausimami kwenye ua. Unamaliza wako, kisha unavuka kwa mama jirani aliyekuwa akilipa karo kwa mayai. Chanjo ipo, tena ile ya tone moja kwenye jicho ni ya bei nafuu, hasa majirani wakichanga na kuchanja siku moja.

Wengine wanafanyaje?

Miji mingine imeamua kuandika kanuni waziwazi. New York inaruhusu mitetea, lakini jogoo ni marufuku, kwa sababu ya kelele. Uingereza nayo, tangu Oktoba 2024, mtu yeyote England anayefuga hata kuku mmoja lazima ajisajili, ili homa ya ndege ikizuka ijulikane nani ana nini na wapi.

Hapa nyumbani, Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka wa 2015 sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Angalia hayo maneno mawili: kukuza na kudhibiti. Kaunti ilikubali kwamba watu wa mjini watalima na kufuga, ikaamua ni afadhali wafanye hivyo kwa mpango.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti zote kazi ya kilimo na ufugaji, udhibiti wa wanyama na upangaji wa ardhi. Kwa hivyo kanuni ya kuku wa Tarbaj ni kazi ya bunge la kaunti pale Wajir. Nairobi haiwezi kuwaandikia.

Kabla ya kununua kifaranga

Kama umepanga nyumba, anza na landilodi. Mkataba wako unaweza kukataza mifugo hata kama sheria inaruhusu. Kisha ongea na jirani wa kila upande kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Hiyo ndiyo ruhusa ya bei rahisi kuliko zote.

Weka banda mbali na maji na mbali na dirisha la mtu. Joto la huku ni kali, kwa hivyo acha ukuta wa wavu upande mmoja na kivuli juu. Kuku kumi hunywa lita 2 au 3 kwa siku, na zaidi jua likiwaka. Zoa samadi ikiwa kavu, uiweke kwenye gunia. Mwenye shamba la mboga ataitaka. Usiku funga, kwa sababu kicheche hasomi sheria. Halafu pita kwa afisa wa mifugo wa eneo lako, umuulize kuhusu chanjo na kanuni zozote za kaunti.

Lakini usiishie kwenye banda. Kero ikibaki kuamuliwa na pua ya afisa mmoja, mwenye jirani mwenye nguvu atashindwa hata akiwa msafi. Kanuni iliyoandikwa, inayotaja umbali kutoka kisimani, chanjo na usafi, inamlinda mfugaji na jirani pia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti kutunga, kubadilisha au kufuta sheria. Vijana wa Tarbaj wanaweza kuliandika ombi hilo wenyewe, waweke majina na sahihi, wampe nakala MCA wao. Na majirani wanaolalamika waalikwe kutia sahihi pia.