Kiinua mgongo mkononi, macho Midia

Mkenya wa Nairobi akikaribia miaka 60 huanza kuulizia bei ya ploti Mtwapa au Diani. Sisi wa West Nile, Uganda, hatuna bahari. Jua tunalo, tena la kutosha, na tunalo neno moja linalofunga mjadala kabla haujaanza: nyumbani. Mtu wa Midia, wilayani Koboko, aliyekaa Kampala miaka 35 haulizwi atastaafia wapi. Ukimuuliza ataona umemtukana. Mkataa kwao ni mtumwa, na nani anataka kuzeeka mtumwa?

Kazi yangu ni kukaa na watu hawa meza moja, barua ya kustaafu ikiwa mbichi, tupige hesabu. Wengi huja na ramani ya nyumba ndani ya bahasha: vyumba vitano, baraza mbele, mabati ya rangi. Mimi huiomba ile ramani, nikaiweka kando, kisha nikauliza: "Mzee, ukifika miaka 75, nani atakuamsha saa nane za usiku akupeleke hospitali Koboko?" Wengine hucheka. Kosa ninaloliona kila mwaka ni lile lile. Mtu wa miaka 60, mwenye magoti mazima na pesa mfukoni, anamchagulia makazi mzee wa miaka 75 ambaye hajawahi kukutana naye.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazoamua mengi kuliko tunavyokiri. Wastaafu wanaonijia ni wa aina mbili. Aliyefanya kazi kiwandani, hotelini au katika kampuni analipwa na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kila mwezi alikatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri akaongeza 10, na akifika miaka 55 anapewa zote kwa mkupuo mmoja pamoja na riba. Baada ya hapo hapati tena shilingi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua mapema hadi asilimia 20, kwa hiyo wengine hufika miaka 55 wakiwa wameshaonja.

Mtumishi wa serikali ni tofauti. Chukua mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60, mshahara wake wa mwisho shilingi 900,000 kwa mwezi, amefundisha miaka 30. Mshahara wake wa mwaka ni 10,800,000. Miezi aliyofanya kazi ni 360. Igawe kwa 500, uzidishe kwa mshahara wa mwaka, unapata pensheni kamili ya 7,776,000 kwa mwaka. Theluthi yake huzidishwa mara 15, na hicho ndicho kiinua mgongo: 38,880,000. Theluthi mbili zilizobaki hugawanywa kwa miezi 12, naye anapata 432,000 kila mwezi.

Tazama hizo namba mbili kwa makini. Milioni 38 ndizo zinazompa mtu usingizi wa ndoto, lakini zitakazomlisha ni zile 432,000. Kwa Kampala hizo ni kodi ya nyumba na nauli, basi. Kwa Midia, penye muhogo wako mwenyewe, maharage na kuku wachache, ni pesa za heshima. Kwa hiyo upande wa chakula nakubaliana na wanaorudi nyumbani, bila kusita. Tatizo ni kwamba milioni 38 huishia ukutani. Nyumba ya vyumba vitano inaweza kuzimeza zote kabla hujapaua, na nyumba ya Midia haina mpangaji. Ukihitaji kuiuza ili utibiwe, nani atainunua katikati ya shamba la ukoo?

Wa NSSF yuko hatarini zaidi, kwa sababu hana cha mwisho wa mwezi kabisa. Huyo namwambia wazi: asijenge kijijini kabla hajapata kitu kinachoingiza pesa. Vyumba viwili vitatu vya kupangisha katika mji wa Koboko ndivyo vinavyoelekea kumfaa. Mji huo uko karibu na mpaka wa nchi tatu, barabara ya lami kutoka Arua hadi Oraba inaupita, na wafanyabiashara wa Sudan Kusini, walimu na watumishi wa mashirika wanahitaji pa kulala. Na asitegemee msaada wa serikali kwa wazee: hizo shilingi 25,000 za kila mwezi zinamngoja atimize miaka 80.

Sasa ardhi. Hapa nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya watu wetu wenyewe ina kisa kinachofaa kuwekwa mezani kila anapokuja mstaafu.

Mwaka 1891 afisa Mwingereza Lugard aliwachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, askari wa Kisudani waliobaki baada ya mkuu wao Emin Pasha kuondoka. Hao na walioandikishwa baada yao, wakiwemo watu wa makabila ya huku kwetu, ndio chimbuko la Wanubi. Walitumika katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, wakazungumza Kinubi nyumbani na Kiswahili kambini, na walipozeeka serikali ya kikoloni ikawaonyesha mahali pa kupumzika. Huku Uganda wengi walibaki Bombo. Kule Nairobi walipewa msitu, wakauita kwa lugha yao Kibra, ndiyo Kibera ya leo. Walikaa kwa ruhusa. Hawakupewa hati. Eneo lililotangazwa kuwa la jeshi mwaka 1918 lilizidi ekari 4,000. Hati ya jumuiya waliyokabidhiwa wajukuu zao mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288.

Mzee anaponiambia, "Shamba langu la Midia halina shida, kila mtu anajua ni letu," huwa namkumbusha Kibera. Kujulikana hakutoshi. Waliokujua wanakufa, na kwetu wengi walitawanyika: baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 familia nzima nzima zilikimbilia Zaire na Sudan, zikarudi miaka kadhaa baadaye, nyingine hazikurudi kabisa. Mipaka ya mashamba ilikumbukwa na wachache waliobaki. Mtoto wa kaka yako aliyelima kipande chako miaka 20 ulipokuwa Kampala si mwizi. Ameishi pale, wewe ulikuwa mgeni wa Krismasi na Idi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaitambua ardhi ya kimila na inakupa njia ya kuiandikisha, yaani cheti cha umiliki wa kimila. Unaomba, kamati ya ardhi ya eneo inakuja shambani, majirani na ndugu wanaitwa, mipaka inatembelewa mbele ya macho ya wote, mwenye pingamizi analisema, kisha Bodi ya Ardhi ya wilaya inaamua. Faida kubwa naiona pale kwenye kutembelea mipaka, hata kuliko karatasi yenyewe. Fanya hivyo wakati wazee wanaokumbuka bado wanatembea kwa miguu yao. Na jina la mke liandikwe. Sheria inadai ridhaa yake kabla ya kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia riziki, ila ridhaa ya mtu ambaye jina lake halipo popote ni rahisi kuruka.

Kabila letu, Wakakwa, tuko nchi tatu, kwa hiyo niseme na hili. Katiba ya Uganda hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na kukodi kwenyewe hakuzidi miaka 99. Binamu mwenye pasipoti ya Juba au ya Kinshasa, au aliyechukua uraia wa Uingereza akaacha wa Uganda, aushughulikie uraia wake kwanza. Uraia wa nchi mbili unaruhusiwa tangu sheria ya mwaka 2009.

Mwanamke anayestaafu anastahili makala yake peke yake. Muuguzi aliyezaliwa Midia, akaolewa Maracha, akaachika, akafanya kazi Kampala maisha yake yote: nyumbani kwake ni wapi? Kwa baba yake kaka zake wamejaa. Kwa mume hana lake. Hilo neno linalofunga mjadala kwa wanaume, kwake ndipo mjadala unapoanza. Kwa hawa sina kigugumizi. Nunua ploti ndogo yenye hati mjini Koboko au Arua, kwa jina lako mwenyewe, hata kama ni ya vyumba viwili. Midia utakwenda kuzika na kusherehekea, na utapokelewa vizuri zaidi ukiwa na kwako pa kurudi jioni.

Upande wa afya watu hujidanganya zaidi kuliko upande wa pesa. West Nile ina malaria nyingi. Mtu mzima aliyekulia hapa alijenga kinga fulani kwa kuumwa tena na tena, lakini kinga hiyo hufifia akikaa miaka mingi mahali penye mbu wachache. Kwa hiyo yule bwana anayesema "mimi ni mtoto wa hapa, malaria hainiwezi" anarudi akiwa karibu sawa na mgeni. Chandarua ni cha kila usiku, na homa inapimwa siku hiyo hiyo. Habari njema ni malale. Ugonjwa huo uliowatesa sana babu zetu umepungua kiasi kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina inayopatikana upande wetu si tena tatizo la afya ya jamii Uganda.

Ugonjwa wa mstaafu, hata hivyo, aghalabu ni presha na kisukari. Haya hayakuangushi siku moja kama malaria. Yanataka vidonge kila siku, kipimo kila mwezi, na siku moja yanataka gari upesi. Vituo vya afya vya ngazi ya III huishiwa dawa hizi mara kwa mara. Koboko mjini kuna hospitali, Arua kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na kusini kidogo ya Arua iko Kuluva, hospitali ya misheni yenye jina la siku nyingi. Mwenye moyo mbovu au saratani anaelekezwa Mulago, kilomita karibu 500 kutoka Arua. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, wasafiri wa kwetu walizungukia njia ndefu. Fikiria safari hiyo ukiwa na mgonjwa kiti cha nyuma.

Jirani yetu mmoja, polisi mstaafu, alijenga mbali na barabara kwa sababu alitaka utulivu. Aliupata. Alipopata kiharusi, msimu wa mvua, bodaboda ndiyo iliyomtoa, kashikiliwa na vijana wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Alipona nusu. Sasa anaishi katika chumba kimoja cha kupanga mjini Koboko, hatua chache kutoka duka la dawa, na ile nyumba kubwa wanalala mbuzi.

Niguse haraka karatasi. Tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa ilingane na iliyo kwenye faili la kazi, na tahajia ya majina ilingane pia. Wengi wetu karatasi za shule na ubatizo zilipotea vitani, tarehe zikakadiriwa mara mbili na makarani wawili. Kusahihisha ukiwa bado kazini ni usumbufu. Kusahihisha ukiwa Midia, ofisi zikiwa Kampala, ni nauli juu ya nauli.

Ushauri wangu kwa mwenye pensheni ni huu, na wapo wenzangu wanaoupinga wakisema namfarakanisha mtu na ukoo wake. Shamba liwe Midia. Andikisha, lima, panda miembe na mikaratusi. Jenga pale nyumba ndogo ya vyumba viwili, karibu na barabara, yenye tangi la kuvunia maji ya mvua. Chumba kingine kiwe mjini Koboko, cha kukaa unapougua, na kikiwa wazi kipangishwe. Sehemu ya kiinua mgongo isiguswe kabisa miaka miwili ya mwanzo. Shemeji na wapwa watakasirika, halafu watazoea.

Na kabla ya tofali la kwanza, kaishi. Wengi wetu tunaijua Midia ya Desemba, mavuno yakiwa ndani, pombe na nyama zipo, kila mtu karudi. Midia ya Februari ni nyingine. Mvua imekata tangu Novemba, foleni kwenye kisima cha pampu ni ndefu, nyasi zinachomwa, moshi umetanda, na waliokuja na magari wameshaondoka. Ukiweza mwezi huo, utaweza mingine yote. Kama barua yako ya kustaafu inatoka mwisho wa mwaka huu, panga chumba au lala kwa ndugu tangu Januari mpaka mvua za Aprili zianze, na ile ramani ya nyumba iache Kampala.