Bima ya Mwenye Kufunga Nyumba Pemba na Kukaa Kigoma



Wamezidi miongoni mwetu wanaogawa mwaka wao mafungu mawili. Mavuno yakisha, na karafuu zikishapimwa na kulipwa ZSTC, hufunga nyumba, humwachia jirani ufunguo, na kushika njia ya bara mpaka Kigoma na Ujiji kwa biashara ya dagaa na mawese. Hawarudi mpaka mikarafuu ianze kutoa tena. Safari yenyewe si ngeni, kwani Ujiji ilikuwa ikipokea misafara ya pwani miaka mingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Lililo geni ni kuwa msafiri wa leo ana nyumba yenye hati ya bima, ana kadi ya matibabu mfukoni na ana mzigo wa mamilioni ziwani, na karatasi zote hizo zimeandikwa kana kwamba anakaa mahali pamoja mwaka mzima.

Maswali juu ya jambo hili huletwa ofisini, na aghalabu huletwa baada ya hasara kwisha kutokea. Kwa hivyo nimeona bora nilieleze humu kabla watu hawajaondoka.

Kubwa kuliko yote ni nyumba iliyofungwa. Chukueni hati ya bima ya nyumba mkaisome, khasa yale maandishi madogo ya nyuma. Katika mikataba mingi ya bima ya moto na wizi limo sharti kwamba nyumba ikikaa tupu siku zaidi ya 30 mfululizo, bila mtu kulala ndani, bima husimama, ama yote ama sehemu yake, ila kampuni iwe imearifiwa na kukubali kwa maandishi. Hesabu ya siku hutofautiana kwa kampuni na kampuni, someni yenu. Sababu yake si ukatili. Katika nyumba tupu mwizi hana wa kumshitua, bomba hupasuka likamwaga wiki nzima, na moto hukuta hapana wa kupiga ukelele.

Tuseme mwanachama wa Wete amefunga nyumba mwezi wa Februari, na katikati ya masika waya wa umeme ukashika moto. Swali la kwanza la kampuni litakuwa hili: nani alikuwa akilala humo? Jirani mwenye ufunguo si mkaazi. Kijana anayekuja kufagia kila Ijumaa si mkaazi. Kama hapana barua iliyopelekwa kabla, ada iliyolipwa miaka kumi haitamsaidia mtu huyu. Dawa yake ni nyepesi: ama aweke jamaa alale humo, ama aiandikie kampuni aseme nyumba itafungwa tangu siku fulani hadi siku fulani. Kampuni yaweza kuongeza ada kidogo, au kutaka swichi kubwa ya umeme izimwe na nyumba ikaguliwe kila wiki. Akubali, na mkaguzi huyo aandike tarehe katika daftari.

Na walioacha magunia ya karafuu chumbani wajue kuwa bima ya vyombo vya nyumbani ni ya vitanda, makabati na sufuria. Karafuu za kuuza ni mali ya biashara, na hazimo mpaka zitajwe.

Wenzetu wa nchi za baridi wameyajua haya zamani. Wakanada wengi huhamia Florida kila kipupwe cha kwao, na wamezoea kuhesabu siku kama sisi tunavyohesabu pishi. Katika jimbo la Ontario, ili mtu abaki katika bima ya matibabu ya serikali, kwa kawaida hutakiwa awemo jimboni siku zisizopungua 153 katika kila miezi 12. Hata jamaa zetu wenye pasipoti za kigeni wanaokuja Unguja kukimbia baridi ya Uingereza wana hesabu yao. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kulipa dola 44 za bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, nayo ina muda wa siku 92. Mwenye kukusudia kukaa miezi minne na ajue kuwa huo wa nne haumo.

Turudi Kigoma. Huko nako mambo hufungwa. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mfanyabiashara aliyekodi stoo Kibirizi au Katonga akaifunga akarudi nyumbani. Basi mtu huyu ana majengo mawili, na kila moja lina miezi yake ya kukaa tupu. Barua moja ya Pemba haitoshi. Stoo nayo inataka yake.

Halafu kuna maji. Ziwa hili halikai pamoja. Lilijaa sana mpaka mwaka 1878 hivi, likapasua njia ya kutokea kwa mto Lukuga upande wa Kongo, kisha likashuka mita nyingi. Ndiyo sababu mahali pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 leo ni mwendo kutoka ufukweni. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena, na mwaka 2024 yaliingia majumba ya kandoni huko kwetu na huko Burundi. Bima ya moto peke yake hailipi mafuriko mpaka yaongezwe katika hati. Na yakiongezwa, ulizeni kwa makini, kwani kampuni nyingi hulipa maji yaliyokuja ghafla na hukataa yaliyopanda polepole miezi mitatu. Kwa rai yangu, afadhali kukodi stoo ya juu mlimani kuliko kubishana juu ya neno “ghafla”.

Mzigo ulio ndani ya mtumbwi au ndani ya behewa ni wa bima ya mizigo, anayoikata mwenye mzigo mwenyewe. Bima ya chombo ni ya mwenye chombo. Dagaa wakilazwa stoo wiki nyingi kungojea bei, safari imekatika, na bima ya safari imekatika nayo.

Juu ya matibabu, Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi kabisa nchini, na sisi wa visiwani, ambao kwa miaka mingi malaria yetu imekuwa chini ya asilimia 1, hufika huko na miili iliyokwisha kuisahau. Kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023, na kadi ya NHIF ya bara si kitu kimoja, na kila mfuko hulipa hospitali ulizofunga nazo mkataba. Msiulize tu, “Kadi hii yafanya kazi bara?” Jibu laweza kuwa ndiyo, kumbe ni hospitali kubwa ya Dar es Salaam, tena kwa barua ya rufaa, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Ulizeni kwa jina: Maweni imo?

Wasiotaka bima kwa ajili ya riba waulizie takaful. TIRA ilitoa mwongozo wake mwaka 2022. Sharti la kusema kweli ni lile lile huku na huku. Mwenye kuandika “ninakaa Wete” na hali nusu ya mwaka yuko Ujiji, ameipa kampuni sababu ya kumkatalia.

Madai yakikataliwa, takeni sababu kwa maandishi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ni ya bara na visiwani, na malalamiko hupelekwa TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Barua ya kufunga nyumba iandikwe nakala mbili, moja ya kampuni, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Kampuni ikijibu kwa simu, mwambieni aandike. Nakala yenye muhuri msiifungie ndani ya nyumba ile ile. Iwekeni ofisini kwetu. Mfano wa barua uko kwa karani, bila malipo.